Kuunganisha kompyuta ya nyumbani Mombasa: pawa saplai kwanza, prosesa baadaye

Mtu akitaka kujiundia kompyuta ya mezani, swali la kwanza huwa lile lile: prosesa (ubongo wa kompyuta) gani, kadi ya grafiki (inayochora picha za skrini) gani? Video za mitandaoni nazo huanzia hapo hapo. Nyingi zimepigwa Ulaya au Marekani, kwenye vyumba vya nyuzi 21, ambako stima haichezi na bahari iko mbali. Sisi tunaishi na stima inayopanda na kushuka, joto la kaskazi linalofika nyuzi 33, na upepo uliobeba chumvi. Mashine nyingi za hapa hufa kwa hayo matatu kabla prosesa haijazeeka. Ndiyo maana mpangilio nitakaoufuata ni wa kinyumenyume: amua kazi ya mashine, tenga pesa za vitu ambavyo hakuna rafiki atakayekusifia, kisha kinachobaki ndicho kinunue kasi.

1. Andika kazi ya mashine

Usiseme "ya kila kitu". Mashine ya kila kitu ndiyo inayomaliza pesa. Andika kazi tatu ambazo kweli itafanya kila wiki.

Kama ni kazi za shule za watoto, iTax, eCitizen, filamu na mikutano ya video, huhitaji kadi ya grafiki hata kidogo. Prosesa yenye grafiki yake ndani inatosha, na utaokoa wati nyingi na joto lake. Kama unahariri video za harusi, na mji huu una harusi, basi unahitaji RAM (kumbukumbu ya kazi) nyingi, diski mbili, na prosesa inayofungua faili za kamera bila kukwama. Kama ni gemu, hapo kadi ya grafiki ndiyo itakayokula fungu kubwa la bajeti, na kila kitu kingine kitapangwa kuizunguka.

Andika pia skrini uliyonayo. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 haina haja ya kadi iliyotengenezewa 4K (skrini yenye pikseli mara nne ya hizo), hata muuzaji akusifie vipi.

2. Jiulize kama mtumba haukutoshi

Kabla ya kununua kipande kimoja kimoja, pita uone mashine za ofisi zinazoitwa ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Kwa kazi za nyumbani, nyingi zinatosha na bei yake ni ngumu kuishinda kwa vipande vipya. Nasema hivi ingawa napenda sana kuunganisha.

Angalia mambo mawili tu. La kwanza ni kizazi cha prosesa. Kwenye prosesa ya Intel i5-6500, ile 6 ya mwanzo ndiyo kizazi. I5-8500 ni cha nane. I5-12400 ni cha kumi na mbili. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na TPM 2.0 (kijisehemu cha usalama), na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya kizazi cha sita bado ni nzuri ukiweka Linux badala ya Windows, lakini kama kazini kwako wanataka Windows, iache. La pili ni kwamba nyingi ya mashine hizi zina pawa saplai (kifaa kinacholisha mashine stima) na madabodi (bodi kuu inayobeba vipande vyote) za umbo la kampuni yenyewe. Pawa saplai ikiungua, ya dukani huenda isiingie, na kadi kubwa ya grafiki haina pa kukaa. Ukinunua ex-UK, inunue kwa ilivyo, usiwe na mipango ya kuikuza.

Kama mpango ni kukuza mashine mwaka hadi mwaka, endelea kusoma.

3. Stima

Hapa ndipo ningekaa zaidi, na ndipo watu wanapobana pesa.

Kenya tunatumia volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Anza na plagi. Pawa saplai nyingi huja na waya wenye plagi ya duara ya Ulaya, na mtu huichomeka kwenye adapta ya bei rahisi inayoshika pini mbili tu. Waya wa athi unakuwa haujaunganishwa na chochote. Ukigusa kasha kwa mkono wenye jasho unahisi linatekenya, kwa sababu kichujio kilicho ndani ya pawa saplai kinavujisha mkondo mdogo kwenye chuma, na mkondo huo hauna njia ya kwenda ardhini. Nunua waya wenye pini tatu na fyuzi, hauna gharama ya kukuumiza. Kama nyumba ni ya zamani, hasa zile za Mji wa Kale zilizoongezewa nyaya vizazi na vizazi, muite fundi wa stima apime athi kabla mashine haijaletwa. Soketi kuwa na matundu matatu si ushahidi kwamba tundu la juu limeunganishwa na kitu.

Sasa pawa saplai yenyewe. Maongezi ya dukani huwa hivi:

"Ami, hii kweli ni wati 500?"
"Kweli mwanangu, si imeandikwa hapo?"

Imeandikwa, ndiyo, lakini geuza usome jedwali la pembeni. Prosesa na kadi ya grafiki karibu zote hula kwenye laini ya volti 12. Kama jedwali linasema laini hiyo inatoa ampea 18, zidisha: 18 kwa 12 ni wati 216. Hiyo ndiyo pawa saplai unayonunua, zile 500 ni za karatasi. Nzuri ya wati 500 hutoa karibu zote kwenye volti 12.

Cheti cha 80 Plus, kiwe cha kawaida, Bronze au Gold, kinapima ufanisi, yaani stima kiasi gani inapotea kuwa joto. Hakipimi ulinzi. Ulinzi unautafuta kwenye maelezo ya mtengenezaji: dhidi ya volti kuzidi, mkondo kuzidi, shoti na joto. Tafuta pia wati zimepimwa kwenye nyuzi ngapi. Nyingine hupimwa zikiwa kwenye hewa ya nyuzi 40, nyingine 50. Nairobi tofauti hiyo haina uzito sana. Kwetu, mwezi wa Machi, chumba kikiwa nyuzi 32 na kadi ikitema moto ndani ya kasha, 40 hiyo unaifikia mapema. Vilevile tafuta kapasita (vihifadhi chaji vya ndani) zinazostahimili nyuzi 105, si 85. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, umri wa kapasita hupungua kwa nusu.

Wati ngapi? Piga hesabu, usibahatishe. Prosesa ya Ryzen 5 5600 hula karibu 80 ikibanwa, kadi ya RX 6600 inatajwa 132, madabodi na diski na feni tuseme 50. Jumla ni kama 260. Pawa saplai ya kweli ya wati 500 au 550 inatosha na kubakisha. Mashine isiyo na kadi haifiki hata 150. Anayekuuzia ya 850 kwa mashine hiyo anakuuzia namba.

UPS, betri ya akiba ya kompyuta, si anasa. Chagua ile yenye kurekebisha volti ndani yake, maana mara nyingi shida yetu si giza, ni stima iliyoshuka hadi taa zinafifia, kisha ikarudi kwa kishindo. VA si wati: UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba kati ya wati 360 na 390, na itakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima, si za kumalizia mechi. Mwenye kadi ya grafiki aende VA 1000 au zaidi. Usichomeke printa ya leza humo. Inavuta mkondo mkubwa ghafla inapopasha moto.

Na UPS na pawa saplai zinategemeana. Stima ikikatika, UPS nyingi huchukua milisekunde 4 hadi 10 kubadili kwenda kwenye betri. Katika mwanya huo pawa saplai lazima ijishikilie kwa akiba iliyo kwenye kapasita zake. Nzuri inashikilia milisekunde 16 au zaidi. Dhaifu inaachia, mashine inazima, na wewe unailaumu UPS.

4. Kasha, hewa na chumvi

Kipimo cha joto utakachokiona kwenye tathmini za ng'ambo kimechukuliwa chumbani mwa nyuzi 20 au 22. Joto la chumba likipanda kwa nyuzi 10, prosesa nayo hupanda karibu 10 hizo hizo. Prosesa iliyoonyeshwa ikifika nyuzi 78 kwao, ihesabu 88 kwako. Ndiyo maana napendelea prosesa za wati 65.

Kasha zuri kwa Mombasa ni lenye uso wa wavu, wala si wa kioo. Vioo vya mbele vinapendeza kwenye picha na vinaziba pumzi. Liwe na nafasi ya feni mbili za milimita 120 au 140 mbele na moja nyuma, na vichujio vya vumbi vinavyovutwa nje bila bisibisi. Feni zinazoingiza hewa ziwe na nguvu kuliko zinazotoa, ili hewa iingie kupitia kichujio badala ya kunyonywa kwenye kila ufa. Vumbi letu halikai kavu. Likichanganyika na unyevu na chumvi linaganda kwenye hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) kama tope, na kulipuliza hakulitoi. Bora lisiingie.

Kwa prosesa, hitisinki ya mnara yenye feni moja ya milimita 120 ni bora kwa nyumba nyingi. Vipozaji vya maji vina pampu, na pampu ikifa mchana wa joto huna hata dakika za kufikiri. Hitisinki hata feni yake ikifa unanunua feni nyingine na maisha yanaendelea. Inayokuja ndani ya boksi la Ryzen 5 5600 inafanya kazi, ila itapiga kelele kuanzia Desemba hadi Machi.

Mahali pa kuiweka pana uzito sawa na kasha lenyewe. Nyali, Bamburi, Likoni upande wa ufuo: isikae chini ya dirisha linalopokea upepo wa bahari. Isikae sakafuni pia. Na iwashwe mara kwa mara. Mashine yenye joto kidogo hufukuza unyevu, ile iliyofunikwa kitambaa miezi mitatu ndiyo inayoota kutu. Mwenye AC awe na tahadhari moja zaidi. Ukizima AC ya nyuzi 20 na kufungua madirisha papo hapo, hewa nzito ya nje inakutana na chuma baridi na kutoa jasho. Subiri chumba kipate joto taratibu.

5. Prosesa na madabodi

Hivi viwili huchaguliwa pamoja kwa sababu soketi (kiti cha prosesa kwenye madabodi) lazima zilingane, na madabodi ndiyo inayoamua aina ya RAM.

Kwa bajeti ya kawaida bado naipenda soketi ya AM4 ya AMD, mshindani wa Intel. Ni ya zamani, haitapata prosesa mpya za maana, lakini vipande vyake vipo kila mahali na RAM yake ni DDR4, kizazi cha kabla ya DDR5. Ryzen 5 5600G ina kori 6 na grafiki ndani. Inafaa nyumba isiyo na kadi. Ryzen 5 5600 haina grafiki kabisa, kwa hiyo bila kadi skrini itabaki nyeusi. Upande wa Intel, mwisho wa jina wenye F una maana hiyo hiyo: i5-12400 ina grafiki, i5-12400F haina. Tofauti ya bei ni ndogo, na kwa mhariri wa video ningelipia ile isiyo na F, kwa sababu ndani ya grafiki hiyo kuna Quick Sync, inayosaidia sana kufungua na kutoa video.

Anayetaka mashine ya kukua aende AM5, iliyotoka 2022. Ryzen 5 7600 ina wati 65, ina grafiki ndogo ya kukuwezesha kuanza bila kadi, na AMD imeahidi kuiendeleza soketi hiyo hadi 2027 na zaidi. Gharama yake ni kwamba inakubali DDR5 peke yake.

Ukiona Intel ya kizazi cha 13 au 14 za nguvu, i7 na i9 hasa, zinauzwa zikiwa zimetumika kwa bei tamu, ujue mwaka 2024 Intel ilikiri baadhi yake zilikuwa zinapata volti nyingi kupita kiasi na kuharibika polepole. Masasisho ya BIOS (programu ya ndani ya madabodi) yanazuia, hayaponyi iliyokwisha kuumia. Kwa stima na joto letu mimi siigusi ya mkono wa pili.

Madabodi usiinunue kwa taa zake. Kwa AM4, madabodi za aina ya B550 ni chaguo salama. A520 inatosha nyumbani. B450 iliyokaa dukani miaka inaweza kuwa na BIOS ya zamani isiyoitambua Ryzen 5000, kwa hiyo mwambie muuzaji aisasishe kabla hujaondoka nayo. Kwa Intel, H610 ina nafasi mbili tu za RAM. B660 au B760 zina pumzi zaidi, ila hakikisha ni toleo la DDR4 au DDR5 kulingana na RAM yako, maana majina yanafanana. Pima pia na kasha: madabodi ya ATX ni milimita 305 kwa 244, microATX 244 kwa 244.

6. RAM na diski

Gigabaiti 16 kwa nyumba na gemu, 32 kwa video. Nunua vijiti viwili vya 8 badala ya kimoja cha 16, hasa kama unatumia grafiki ya ndani ya prosesa, kwani grafiki hiyo inakopa RAM na njia mbili zinaipa kasi inayoonekana. Bei za RAM zilipanda vibaya kuelekea mwisho wa 2025, viwanda vikikimbilia seva za akili bandia, kwa hiyo ulizia siku ile ile unayonunua.

Kwa diski, SSD (diski isiyozunguka) ya NVMe, aina yenye kasi zaidi, ya gigabaiti 500 ndiyo ya chini kabisa, terabaiti 1 ikiwezekana. SSD ya SATA inafika karibu megabaiti 550 kwa sekunde, NVMe ya kawaida 3,500. Kwa kufungua Windows hutaona tofauti kubwa, kwa kuhamisha video utaiona. Umbo la M.2 (kijibati kinachochomekwa kwenye madabodi) linaweza kuwa la SATA au NVMe, soma karatasi. Mhariri wa harusi aongeze diski ya kawaida ya kuhifadhia, na nakala nyingine nje ya mashine. Picha za harusi ya watu hazirudiwi.

7. Kadi ya grafiki, kama inahitajika

Kwa skrini ya 1080, RX 6600 ya gigabaiti 8 inatosha na haina njaa. RTX 3060 ya gigabaiti 12 inamfaa zaidi anayefanya kazi za video na michoro. Kwa pawa saplai ndogo kuna GTX 1650, ambayo matoleo mengi hula wati 75 kutoka kwenye madabodi bila waya wa ziada.

Soko la mkono wa pili limejaa RX 570 na 580, nyingi zikiwa zimetoka kuchimba sarafu za kidijitali mchana na usiku. Ukiipenda, usilipe kabla hujaiona ikifanya kazi nzito kwa nusu saa. Halafu tazama bati la pembeni na vichwa vya skrubu. Vikiwa na kutu, kadi imekaa na upepo wa bahari, na kilichopata bati kimepata na nyaya za ndani.

8. Kununua

Linganisha maduka ya mjini na ya Luthuli Avenue, Nairobi. Nairobi kuna aina nyingi, lakini ongeza nauli ya kifurushi, na jiulize utairudishaje ikiharibika. Mimi hununua pawa saplai, UPS na madabodi hapa hapa, kwa mtu ninayeweza kumwendea na risiti mkononi. RAM na SSD hazina shida kusafiri. Ukiagiza mashine iliyokwisha kuunganishwa, omba kadi ya grafiki ivuliwe na kupakiwa peke yake, maana usiku kucha kwenye basi hadi Mwembe Tayari, Mombasa, unatosha kuivunja nafasi yake. Ukiagiza nje ya nchi, hesabu VAT ya asilimia 16 na ada za kuingiza mzigo kabla ya kufurahia bei.

Dhamana iandikwe kwenye risiti: siku za kurudisha ngapi, na dhamana ni ya duka au ya mtengenezaji.

9. Kuunganisha na kuijaribu

Kabla ya kufunga kasha, washa ukiwa na prosesa na hitisinki yake, kijiti kimoja cha RAM na diski, pamoja na kadi kama prosesa haina grafiki. Ikiwaka, ongeza vingine. Vijiti viwili vikae nafasi ya pili na ya nne kutoka kwa prosesa, kwenye madabodi zenye nafasi nne, kisha ingia BIOS uwashe XMP au EXPO, mipangilio ya kasi kamili ya RAM. Bila hivyo RAM ya 3200 huenda pole. Kama kuna kadi, waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi, si kwenye madabodi.

Kisha ijaribu kwa ukatili siku zile bado unaruhusiwa kurudisha. Acha MemTest86 ipitie RAM usiku mzima. Kosa hata moja ni la kurudisha. Prosesa ibane kwa kazi nzito saa nane mchana, si usiku kwenye ubaridi. Ryzen 5 5600G ikikaribia nyuzi 95, vua hitisinki uipake upya dawa ya kupitisha joto na uangalie feni zinaelekea wapi. Mwisho, fungua gemu au anza kutoa video, UPS ikiwa imejaa, halafu zima swichi ya soketi ya ukutani, plagi ibaki mahali pake ili athi isikatike. Mashine ikiendelea, vizuri. Ikizima, kwanza hakikisha mzigo haujazidi wati za UPS. Kama haujazidi, funga pawa saplai kwenye boksi lake uirudishe dukani kesho yake asubuhi.